Pete Inayokula Mkanda

Mkanda wa begi haukatiki katikati. Chukua begi lolote lililokufa, liwe la shule, la ofisi, kiondo, au lile la turubai ulilolitoa Gikomba asubuhi ya Jumamosi, kisha utazame ni wapi lilipokatikia. Karibu kila mara ni pale juu, penye pete. Uzi ni mzima, ngozi ni nzima, hata rangi haijapauka, lakini pale mkanda unapopinda kupita ndani ya chuma pana jeraha. Watu husema mkanda umechoka. Wapi! Mkanda haukuchoka. Umeliwa.

Nataka kuandika juu ya hicho kilichoula, na juu ya wale ambao kazi yao ni kukizuia kisile. Nitakaa sana Kariokor, Nairobi, kwa sababu pale historia ya kubeba mizigo na historia ya kutengeneza mikoba zimekaa ploti moja, zimepeana migongo, na wengi wetu tunapita na mathree bila kujua.

Anza na jina. Kariokor ni Kiingereza kilichotafunwa na ulimi wetu: Carrier Corps. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakasema Kariakoo, chanzo kikiwa kile kile. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, wakubwa waligundua kwamba mbung'o wanaua farasi na ng'ombe wa kuvuta magari, barabara hakuna, na reli haiendi kule vita vinakokwenda. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Carrier Corps ikaundwa mwaka huo huo chini ya afisa wa utawala aliyeitwa Oscar Watkins, na mwaka 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kuwakusanya wanaume kwa wingi zaidi, watake wasitake. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na unga ambao haukuiva. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa pale, na vita vilipokwisha kambi ikaondoka, jina likabaki.

Sasa jiulize: mtu yule alibebaje? Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi. Chini yake aliweka kata ya nguo au ya majani, basi. Hapakuwa na bizimu, hapakuwa na pete, hapakuwa na ribiti. Chombo cha kubebea kilikuwa shingo yake mwenyewe, na shingo ikiharibika hakuna aliyepeleka kwa fundi.

Nasema hivi kwa sababu tunapenda kudhani kwamba zamani, kabla ya chuma kibovu cha siku hizi, mambo yalikuwa laini. Hayakuwa. Chukua kiondo. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba walikisuka kwa kamba za magome ya vichaka, na baadaye kwa katani (nayo katani ni mgeni, ililetwa pwani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche yake ikitoka Florida, Marekani). Mizigo mizito, kuni na viazi, ilibebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Wakikuyu wanauita mukwa. Mukwa haukuwa na chuma hata chembe. Ngozi ilifungwa kwa fundo, ikikatika unapiga fundo lingine, safari inaendelea. Lakini watazame nyanya zetu, wale waliobeba tangu utotoni. Kwenye paji la uso wana mfereji. Mkanda haukuliwa, kilicholiwa ni kichwa. Mimi siwezi kuita huo ufundi uliopotea tuulilie.

Chuma nacho kilikuja na njia zake. Njia moja ilikuwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, 1919 na 1920. Kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri, ikiwa ndani ya kijisanduku cha bati kilichofungwa kwa kamba shingoni. Wazee walisema walivishwa kengele kama mbuzi. Huo ndio mkoba uliotolewa na serikali: mdogo, wa chuma, unaning'inia, na aliyeubuni hakuuvaa hata siku moja. Ulidumu hadi mwaka 1947.

Njia ya pili ilikuwa jeshi, na hapa mambo yanageuka kidogo. Kuna neno shanta, ambalo vijana wa mjini tumeliacha lakini kamusi hazijaliacha. Ni mfuko wa askari, wa kubeba mgongoni au begani. Ni neno lile lile la Kiarabu cha Misri, ambacho nacho kililichukua kwa Waturuki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipokuja kumpiga Abushiri alipitia Cairo, akaajiri mamia ya askari Wasudani waliozoea amri za jeshi la Misri. Maneno ya kambini yanasafiri na miguu ya askari.

Shanta la Mwingereza ndilo linalotuhusu. Baada ya vita vyao na Makaburu, 1899 hadi 1902, Waingereza waliona mikanda ya ngozi ikilowa inavimba, ikikauka inapasuka. Mwaka 1908 wakatoa vifaa vipya vya askari wa miguu, vya pamba nene iliyofumwa, na bizimu za shaba ya manjano. Vya mwaka 1937 viliboresha vile, na ndivyo vilivyotumika katika Vita vya Pili, ambapo vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma na kupigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, matope hadi magotini.

Ukibahatika kukuta bizimu moja ya mifuko ile (sokoni bado zinaonekana, nyeusi kama masizi), pitisha kucha ndani yake. Hamna kitu. Kucha inateleza. Kingo zote zimevungwa. Si kwamba mtengenezaji alimpenda sana yule askari. Mkanda ukikatika porini, risasi zinaanguka, na hasara ni ya jeshi. Walsall, mji wa Uingereza uliojulikana kwa matandiko ya farasi na bizimu zake (hata timu yao ya mpira huitwa kwa jina la watengeneza matandiko), ulijua jambo hilo tangu enzi za farasi: bizimu mbaya humkata farasi, na farasi ana mwenyewe. Chuma cha kubebea huwa laini pale ambapo kukatika kunamuumiza aliyelipia chuma. Pale kunapomuumiza abebaye tu, huachwa na meno.

Turudi Kariokor. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua karibu 32,000 kutoka India. Walio wengi walirudi, maelfu kadhaa wakabaki, na wengine wakaja kwa nauli zao. Kwenye karakana za Wahindi, za bati, za vyuma na za ngozi, vijana wa Kiafrika waliingia kama watu wa kufagia na kushika koleo, wakatoka wanajua kazi. Mwanahistoria wa elimu Kenneth King alifuatilia mnyororo huo katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mafundi wa Kiafrika: nani alimfundisha nani, na mashine za mkono zilivyonakiliwa. Hakuna cheti. Unakaa karibu, unaona, unakosea, unapigwa kelele, unajua.

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikapata soko nje. Mnunuzi wa Ulaya hakutaka kitu cha kuvuta kipaji cha uso. Alitaka mkoba wa begani, wenye mkanda mrefu wa ngozi na bizimu ya kurefusha na kufupisha. Kazi ikagawanyika. Mama kijijini anasuka, wiki na zaidi. Soko la Kariokor linatia ngozi, linatoboa, linagonga ribiti. Hapo ndipo ile pete ilipoingia kwenye kiondo. Kitu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na fundo, sasa kina chuma. Na chuma chenyewe, kwa bahati mbaya, kilikuwa kimeshabadilika.

Mwaka 1929 kampuni ya Marekani iitwayo New Jersey Zinc ilitoa mchanganyiko wa zinki na aluminiamu kidogo, magnesi na shaba, unaoitwa zamak. Shaba ya manjano inahitaji moto wa zaidi ya nyuzi 900 ili iyeyuke. Zamak inayeyuka kwenye 385 hivi. Kwa hiyo unaimiminia kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, inaganda mara moja, unatoa, unamimina tena, maelfu kwa siku. Ni ubunifu mzuri, sitaki kuutukana. Vitasa vya milango na vigari vya kuchezea vya watoto vilitokana nao. Lakini kalibu ina nusu mbili, na pale zinapokutana chuma huchungulia nje na kuacha ukingo mwembamba kama wembe. Vilevile kwa pete za waya: waya hukatwa kwa mashine, na kila mkato una upande mmoja laini na mmoja wenye meno.

Kiwanda kinachojiheshimu huvitia vitu hivi ndani ya pipa pamoja na vijiwe, pipa linazungushwa kwa saa kadhaa hadi meno yaishe. Ndipo vinapakwa shaba, halafu nikeli. Sasa fikiria wewe ndiye mwenye kiwanda na mteja anataka bei ishuke. Utapunguza nini? Umbo huwezi, linaonekana kwenye picha. Mng'aro huwezi, ndio unaouza. Utapunguza saa za kwenye pipa. Nikeli inapakwa juu ya meno yale yale, yanang'aa vizuri, na begi linasafiri baharini hadi Mombasa. Ndiyo sababu chuma kibaya zaidi siku hizi ndicho kinachometa zaidi kikiwa kipya.

Ndiyo hapo mteja anakuja kwa fundi na begi la miezi minne.

"Fundi, niwekee mkanda mwingine."

"Mkanda hauna shida, madam. Ni hii pete. Nikiweka mkanda mpya na pete hii, utarudi."

"Si ni kushona tu? Mimi nina haraka."

Ameambiwa ukweli, naye anadhani anaongezewa bei. Nimeyasikia mazungumzo haya, kwa maneno tofauti, mara nyingi kupita kiasi. Fundi akinyamaza akashona tu, anapata pesa mara mbili. Akisema ukweli anaonekana mjanja.

Kazi yenyewe ni hivi, na naiweka hapa kwa kirefu kwa sababu vitabu vyetu vya historia vina nafasi ya magavana wote lakini hii havina. Kwanza fundi anatafuta ni chuma gani. Ana sumaku, kwa kawaida ya spika iliyoharibika. Ikivuta, ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Isipovuta, anakwaruza mahali pa siri: pakitoka manjano ni shaba, pakitoka kijivu kilichofifia ni zinki. Mtu aliyezoea hata hakwaruzi, anaitupa mkononi mara moja na kujua kwa uzito, maana zinki ni nyepesi kuliko shaba. Chuma cha kawaida na shaba vinakubali moto. Nafasi iliyoachwa kwenye pete ya waya inaweza kuzibwa kwa kulehemu. Zamak haikubali. Fundi mgeni akiielekezea moto wa gesi, inamwagika kama uji kabla hajajua kilichotokea.

Pili anatafuta meno. Macho hayafai, mng'aro unayadanganya. Anachukua kipande cha pamba au soksi ya nailoni iliyozeeka na kukipitisha taratibu ndani ya pete. Kinaposhika, hapo ndipo. Anatia alama.

Kisha tupa, ile ya duara. Na hapa ndipo unapomjua fundi na mtu aliyeazima tupa. Tupa inafuata mwelekeo wa pete, haikatizi. Ukikatiza unaacha mikwaruzo ya kukingama, na kila mkwaruzo ni kijimsumeno kipya. Umeondoa jino moja ukaweka ishirini. Baada ya tupa ni msasa, mkali kwanza, halafu wa kati, halafu ule mwororo kabisa ukiwa na maji. Msasa, kwa njia, ni mti. Kabla ya karatasi za dukani maseremala wa pwani walisugua mbao kwa majani yake makavu, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na karatasi ilipokuja ikarithi jina. Wahariri nao wakalichukua: kila mmoja wetu anayeandika amewahi kurudishiwa kazi na kuambiwa aipige msasa. Wanaotuambia hivyo sijui kama wamewahi kuushika. Ni kazi ya polepole mno, na vidole vinauma.

Pamba inapitishwa tena. Ikishika, bado.

Kwa shaba, mambo yameisha hapo. Ing'arishe kwa limau na jivu, au iache iwe nyeusi, haijali. Kwa zamak ndiyo kwanza una tatizo la pili. Umeondoa meno lakini umeondoa nikeli pia, na zinki iliyo uchi ikikutana na jasho na chumvi hutoa unga mweupe. Watu wa Mombasa wanaujua vizuri. Dawa yake ya bei rahisi ni rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono mitatu, kila mmoja ukauke kabisa. Dawa bora ni kuivalisha pete: ukanda mwembamba wa ngozi unazungushwa kwenye chuma na kushonwa kwa ndani, ili mkanda uguse ngozi, usiguse chuma. Ikifanywa vizuri utadhani begi liliundwa hivyo. Kumbe ni ngozi juu ya ngozi tu, kama enzi za mukwa, ila sasa uzito uko begani.

Kazi hii ina thamani gani kwa wakubwa? Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyosema, kwa mara ya kwanza kwa sauti iliyosikika, kwamba watu wa aina hii wanafanya kazi ya maana na wanasumbuliwa bure. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akaona watu wanagonga vyuma juani, na mabanda yakaahidiwa. Jina jua kali likaingia kwenye lugha ya serikali. Mwaka 1992 likapata hadi waraka wake rasmi. Sibezi. Banda ni banda, jua la saa saba si mchezo. Lakini soma nyaraka zile: zinazungumzia ajira, mikopo, mabanda, idadi. Wanayojua watu wale ni vigumu kuyakuta. Utakuta wangapi wako pale, hutakuta kwamba tupa haikatizi.

Mwezi Agosti mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu wakarudi kutafuta mikoba ya kudumu. Viondo vikatoka kwenye kuta za mapambo vikarudi sokoni na viazi ndani yake. Uzito wa kweli ukarudi kwenye pete, na pete nyingi zikafichua ni za nini. Mtalii hubeba miwani na kitabu. Mama wa Kariokor hubeba sukari, unga na kabeji mbili.

Kwenye meza ya fundi mzuri utaona kopo, mara nyingi la maziwa ya unga. Ndani yake kuna pete, kulabu na bizimu alizozing'oa kwenye mabegi yaliyokufa, mengi ya mitumba: mabegi ambayo ngozi yake imeoza lakini shaba yake haijaguswa. Hizo haziuzwi kwa kila mtu. Anakupa mteja anayeuliza. Zimechakaa, rangi zake hazilingani, nyingine zina muhuri wa viwanda vilivyofungwa zamani. Pembeni kuna pakiti mpya ya plastiki, pete zinazometa, mia kwa bei ya chai na mandazi. Atakuuliza uweke ipi. Usijibu haraka. Ziombe zote mbili, zishike mkononi, upitishe kucha kwa ndani.